Furu, dagaa, kamongo au sato: umfuate nani ukitaka kujifunza jinsi viumbe wa ziwani wanavyobadilika?

Kila mwaka muhula wa kwanza ukianza, wanafunzi wangu hapa Jinja hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, sisi kundi letu tuchukue kiumbe gani?" Kazi yao ni kumfuatilia kiumbe mmoja wa Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Waganda, kisha waeleze anavyokabiliana na ziwa ambalo halitulii. Nusu ya makundi hukwama hapo wiki tatu nzima, wakibishana. Nayaandika haya kwa ajili yao, na kwa walimu wenzangu wa Entebbe, Masaka na kwingineko kando ya maji ambao najua wanaulizwa hivyohivyo.

Ziwa lenyewe limetupa mengi ya kusoma. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, ilizama, watu wakahama, na pale palipokuwa na mchanga pakawa na kambare. Mapema mwaka 2021 sangara walielea wamekufa upande wetu wa Uganda, na maelezo ya wataalamu yalikuwa kwamba oksijeni ilipungua majini baada ya dhoruba. Rudi nyuma zaidi: magugu maji yaliingia kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na sangara mwenyewe ni mgeni aliyeletwa miaka ya 1950. Samaki mdogo anayezaliwa ufukweni leo hazaliwi katika ziwa alilozaliwa bibi wa bibi yake.

Maswali manne kabla ya kuchagua

La kwanza ndilo kubwa, na ndilo wanafunzi wengi hulikosea. Je, unataka kuona kuzoea au kugeuka? Mkono wa mvuvi huota sugu kwa kuvuta kamba za nyavu, lakini mtoto wake hazaliwi na sugu. Hiyo sugu ni kuzoea: mwili mmoja umebadilika katika maisha yake. Kugeuka ni jambo la vizazi. Wenye umbile fulani huishi na kuzaa kuliko wenzao, na umbile hilo likaenea katika ukoo kwa sababu linarithiwa. Samaki wa ziwani hufanya yote mawili, mara nyingine kwa kiungo kilekile, na ukichanganya hayo mawili ripoti yako yote imeharibika hata kama vipimo ni sahihi.

La pili: je, rula, kiwembe na lenzi ya mkononi vinatosha? Shule nyingi hazina zaidi ya hapo.

La tatu: utamlinganisha na nani? Samaki mmoja mezani hawezi kukuonyesha mabadiliko. Lazima awepo wa zamani na wa sasa, au wa kinamasini na wa maji wazi, au wa ziwa hili na wa ziwa lile.

La nne ni bei, sheria na usalama. Kwa usalama sina mjadala: kichocho kipo kwenye fukwe hizi, kwa hiyo mwanafunzi haingii majini kukamata samaki. Tunanunua mwaloni, tunavaa glavu, tunanawa kwa sabuni.

Hapa chini nawapitia samaki wanne, na jina la Kiganda nimeliweka kwenye mabano. Sangara sikumweka kwenye orodha. Historia yake ni nzito mno kuikosa darasani, lakini mmoja wa halali, yaani kuanzia sentimita 50, anamaliza pesa ya mradi kwa siku moja.

Furu (nkejje)

*Kilichobadilika.* Hapa ndipo dunia nzima hutazama ziwa letu. Takriban miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Baada ya maji kurudi, furu, samaki wadogo wa familia moja na sato, wakagawanyika wakawa spishi zaidi ya 500: wa kuparua mwani kwenye mawe, wa kuvunja konokono, wa kula samaki wenzao, wa kula vijidudu vinavyoelea. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mababu wao walikuwa machotara, mchanganyiko wa ukoo mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Nile ya juu, na mchanganyiko huo ndio uliowapa akiba kubwa ya tofauti za kuchezea. Kisha sangara akafurika miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi kama 200 zikatoweka.

Kwangu mimi, waliobaki ndio wenye habari tamu zaidi. Katika Ghuba ya Mwanza, Tanzania, kuna furu aitwaye kitaalamu *Haplochromis pyrrhocephalus*, mla vijidudu wa maji wazi, aliyekaribia kwisha. Alipojitokeza tena miaka ya 1990, maji yalikuwa machafu zaidi na yenye oksijeni kidogo. Watafiti walipompima wakalinganisha na vielelezo vya zamani, eneo la matamvua yake, yale majani mekundu ndani ya mashavu ambayo samaki huvutia hewa, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa chake, badala ya kupanuka ili kuyabeba, kilipungua, na jicho likawa dogo. Yote hayo katika miongo miwili!

Je, hayo ni sugu ya mvuvi au ni urithi? Vipimo vya samaki wa porini peke yake havitoi jibu. Kuna samaki mwingine mdogo wa familia hiyohiyo, *Pseudocrenilabrus multicolor*, anayeishi katika vinamasi na maziwa yetu, Nabugabo ikiwemo. Watafiti waliwachukua ndugu wa tumbo moja, wakawalea wengine kwenye maji yenye oksijeni nyingi na wengine kwenye maji yenye oksijeni kidogo. Waliolelewa penye upungufu walikua na matamvua makubwa zaidi. Kwa hiyo sehemu ya mabadiliko ya namna hiyo hutokea ukuaji unapoendelea, bila kungoja vizazi. Kundi litakaloelewa aya hii litakuwa limeelewa nusu ya somo.

*Cha kuona kwa macho.* Chukua nkejje mbichi, inua kifuniko cha shavu kwa ncha ya kiwembe. Utaona matao manne kila upande, kila tao limepangwa majani mekundu kama meno ya kitana. Kata tao la kwanza, lilaze kwenye karatasi nyeupe yenye matone ya maji, pima jani refu kuliko yote, kisha gawa kwa urefu wa samaki mzima. Angalia na meno: mla konokono ana mfupa mnene kooni, mparua mwani ana meno madogo yaliyojaa kama brashi.

*Umlinganishe na nani.* Wa ukingo wa mafunjo na wa maji wazi. Ndani ya mafunjo oksijeni ni haba, lakini sangara hawezi kuvumilia huko, ndiyo maana vinamasi vimekuwa maficho ya samaki wadogo. Walioko karibu na Masaka wana bahati kubwa: Ziwa Nabugabo lilitengwa na Victoria kwa ukuta wa mchanga miaka elfu chache iliyopita, na tayari lina furu wake ambao hawapatikani kwingine.

*Gharama na taabu.* Bei ni ndogo. Wakina mama huwauza waliobanikwa kwenye vijiti, na Waganda wengi bado wanaamini nkejje humsaidia mtoto mwenye surua, kwa hiyo hawakosekani sokoni. Lakini wa kubanikwa hafai kupimwa, amesinyaa. Taabu yenyewe ni utambuzi: spishi mbili za furu zinaweza kufanana hata mtaalamu akakuna kichwa. Ukilinganisha spishi mbili tofauti ukidhani ni moja, umepima kitu kingine kabisa. Halafu wapo wanafunzi wa ukoo wa Nkejje, ambao samaki huyu ni mwiko wao. Uliza kabla ya kuweka kiwembe mezani.

*Anamfaa nani.* Kundi dogo lenye subira na mkono mtulivu, hasa kidato cha juu.

Kwa wanaopenda majina: kuna furu anayeitwa *Pundamilia nyererei*, jina la jenasi limetokana na punda milia wetu, na la spishi limempa heshima Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu na hukaa chini kuliko binamu yake wa buluu. Maji yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha madume, na spishi mbili huanza kuchanganyika zikawa moja. Uchafu wa maji unaweza kufuta spishi bila kumuua samaki hata mmoja. Kila nikifika hapo, darasa hunyamaza.

Dagaa (mukene)

*Kilichobadilika.* Furu walipopungua, nafasi yao majini ikajazwa na dagaa, ambaye leo ndiye mwingi ziwani. Tangu miaka ya 1980 amekuwa akikomaa akiwa mdogo kuliko zamani. Sababu si ngumu kuifikiria: sangara kwa upande mmoja na nyavu kwa upande mwingine, anayechelewa kuzaa huliwa au huvuliwa kabla hajazaa. Pia vipimo vya Mwanza vya miaka hiyohiyo ya 1980 vilionyesha meno yake ya kuchujia chakula yamepungua idadi na majani ya matamvua yameongezeka, wakati alipoanza kwenda chini zaidi na kula wadudu wakubwa.

*Cha kuona kwa macho.* Pasua tumbo kwa wembe chini ya mwanga wa dirisha. Jike aliyekomaa ana mayai madogo ya rangi ya maziwa yaliyojaa pande zote mbili. Tafuta jike mdogo kuliko wote mwenye mayai, andika urefu wake, na urudie kila mwezi. Mara nyingine utakuta mnyoo mweupe, bapa kama utepe, umejikunja tumboni na kuchukua nafasi kubwa kuliko matumbo yenyewe. Huyo hungoja dagaa aliwe na ndege mla samaki ili amalizie maisha yake humo. Wanafunzi hupiga kelele siku ya kwanza. Siku ya tatu wanamhesabu.

*Umlinganishe na nani.* Mwalo na mwalo, mwezi na mwezi. Mwaka mmoja hautakuonyesha kugeuka kwa dagaa, na usiahidi hivyo kwenye ripoti. Unachoweza ni kuweka namba zako kando ya za zamani zilizochapishwa. Jinja ina taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanza mwaka 1947 ikiwa ya Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo barua ya heshima kutoka shuleni haipotezi kitu.

*Gharama na taabu.* Kikombe kimoja kinatosha darasa zima. Nenda zile siku za giza la mwezi, kwa kuwa wavuvi hutumia taa usiku na mbalamwezi huziharibia kazi. Lakini jihadhari na chanzo. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua gunia dogo sokoni, tukapima dagaa mia mbili, tukapata makundi mawili ya urefu yaliyotengana kabisa. Furaha ilikuwa kubwa, tukachora na grafu. Baadaye mvuvi mmoja alichota kiganja, akawatenganisha kwa kidole: "Mwalimu, hawa mukene. Hawa muziri, wa Ziwa Albert." Muuzaji alikuwa amechanganya, na sisi tulikuwa tumepima samaki wa maziwa mawili. Tangu siku hiyo tunanunua wakitoka kwenye mtumbwi, wakiwa bado wanarukaruka.

*Anamfaa nani.* Darasa kubwa, pesa kidogo, na mwalimu anayetaka wanafunzi wajifunze takwimu kwa namba zao wenyewe.

Kamongo (mmamba)

Kwanza jina, maana limeshawatia hofu wageni wengi. Mtu wa Mombasa akisikia Waganda wanakula *mmamba* hufikiria mamba. Hapa ni kamongo.

*Kilichobadilika.* Jibu lake ni tofauti na la wote wengine: mpango wake wa mwili ni wa zamani sana. Ukoo wa samaki wenye mapafu una umri wa takriban miaka milioni 400. Wakati furu wanakimbizana na mabadiliko, kamongo alishabeba suluhisho kabla ziwa halijakuwepo. Ana mapafu, na akiwa mkubwa hupata karibu hewa yake yote juu ya maji. Kinamasi kikikosa oksijeni yeye hajali. Maji yakikauka anaweza kujichimbia kwenye tope akasubiri.

Silaha hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Mzee mmoja mwaloni, ambaye wanafunzi humwita jjajja, yaani babu, aliwaeleza vizuri kuliko mimi: "Mfunge chini ya maji usiku mmoja, asubuhi amekufa kama mtu." Wavu unaomzuia kupanda kuvuta hewa humzamisha. Na dume hulinda kiota ndani ya mafunjo, kwa hiyo kinamasi kikifyekwa kwa ajili ya mpunga au kufukiwa kwa ajili ya majengo, anapoteza mahali pa kulea watoto. Mapafu hayamsaidii hapo, na kwa kweli ananitia wasiwasi kuliko wote wanne.

*Cha kuona kwa macho.* Hakuna haja ya kumpasua. Mwombe muuzaji akuruhusu kukaa kando ya beseni lake na simu yenye saa. Kamongo ametulia kama gogo, halafu polepole pua inapanda, mdomo unafunguka juu ya maji, unasikia mfyonzo mfupi, na anashuka. Andika dakika kati ya pumzi na pumzi, kivulini asubuhi na juani adhuhuri, pamoja na joto la maji. Pumzi huongezeka maji yakipata joto. Hiyo ni kuzoea kwa saa chache, mbele ya macho yako.

*Umlinganishe na nani.* Yeye mwenyewe katika hali mbili, au yeye na kambare. Kambare pia huvuta hewa juu, lakini kwa kiungo kingine, kama vichaka vidogo juu ya matamvua. Njia mbili tofauti zimefika mahali pamoja.

*Gharama na taabu.* Kumnunua ni ghali, kumtazama ni bure. Anauma vibaya, vidole vikae mbali. Ukoo wa Mmamba ni mkubwa sana Buganda na kwao yeye ni mwiko, kwa hiyo kazi ya kutazama bila kuua inawafaa hata wao. Msichana mmoja wa ukoo huo ndiye aliyeniletea daftari safi kuliko yote ya mwaka jana.

*Anamfaa nani.* Wanafunzi wadogo, wasiopenda damu, na wanaotaka kuzungumzia uhifadhi wa vinamasi.

Sato (ngege)

*Kilichobadilika.* Huyu wa leo pia aliletwa Victoria miaka ya 1950, ingawa Uganda si mgeni: ni wa asili katika maziwa ya Albert, Edward na George. Ngege wa asili wa Victoria, ambaye ni spishi nyingine, alisukumwa pembeni, na leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya jirani. Katika Ziwa George sato anajulikana kwa kula mwani. Huku Victoria amejifunza kula pia wadudu na uduvi.

*Cha kuona kwa macho.* Bwawa la shule au la jirani. Sato wakibanana na chakula kikipungua, huacha kukua na kuanza kuzaa wakiwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Jike hubeba mayai kinywani, kwa hiyo ukimkamata taratibu unaweza kuyaona bila kumpasua.

*Umlinganishe na nani.* Mabwawa mawili, moja lililojaa na moja lenye nafasi, vifaranga wa chanzo kimoja. Miezi sita inatosha.

*Gharama na taabu.* Chakula cha samaki ndicho gharama. Usinunue wadogo wa ziwani. Sato wa chini ya sentimita 28 ni kosa kisheria, hata kwa mradi wa shule.

*Anamfaa nani.* Shule yenye bwawa, au mkulima anayetaka kujua kwa nini samaki wake hawakui. Lakini anakuonyesha kuzoea tu. Usimwite mfano wa kugeuka.

Kulingana na hali yako

Kama una wanafunzi sitini na pesa ya nauli tu, anza na dagaa. Vipimo vingi vidogo vitafidia upungufu wa vifaa, na kila mtoto atapata samaki wake wa kupasua.

Kama swali lako hasa ni jinsi spishi mpya zinavyozaliwa na kufutika, hakuna namna ya kumkwepa furu, ila punguza kundi liwe watu watano na mchague furu mmoja mnayeweza kumtambua bila shaka, hata kama si mrembo. Mwenye Nabugabo karibu asifikirie mara mbili.

Kama mko mbali na ziwa, tuseme Mbale au Mbarara, bwawa la sato linawaletea jaribio mlangoni, na ninyi mnaamua hali ya maji wenyewe. Hilo sisi wa mwaloni hatuwezi kulifanya.

Kama mna muda wa wiki mbili tu, kamongo na saa. Na kama kundi limegawanyika kati ya furu na kamongo, jambo linalotokea karibu kila mwaka, wapeni wote wawili swali moja la oksijeni: mmoja ameongeza matamvua, mwingine ameyaacha akapanda juu kuvuta hewa. Ripoti mbili zikisomwa siku moja darasani, mjadala hujipeleka wenyewe.

Yeyote mtakayemchagua, kila chupa na kila ukurasa uandikwe siku hiyohiyo: jina la mwalo, tarehe, maji wazi au mafunjo, na nani aliyevua. Tumieni penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti ya kuhifadhia samaki.